Robo Tatu Haina Jiwe Lake

Nthoki hakuwa na gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Hapo ndipo maneno yalianzia. Wenzake sokoni Jericho walikuwa wanapima maharagwe kwa mkebe uliogongwa kitako ukaingia ndani kidogo. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Yeye akaja na mizani ya sahani mbili na mawe manne: robo, nusu, kilo, kilo mbili. Walimcheka miaka.

"Mama Mumo, hapa ni soko, si duka la dawa."

Mteja mpya lazima angeuliza jiwe la robo tatu liko wapi. Nthoki aliweka robo na nusu kwa sahani moja, hata macho hainui. "Robo tatu haina jiwe lake. Inazaliwa na hawa wawili."

Darasa la nne, Machakos, ndio masomo yake yote. Msimdharau.

Bwanake, Kimeu, alikuwa fundi wa redio na TV, meza yake hatua kumi kutoka kwa maharagwe. Mkono mzuri, kichwa ngumu. Akishafungua kitu hataki kuambiwa.

Mwaka wa tisini na nane aliitwa Buruburu kwa Perez, ama Mama Lorraine, fundi wa kushona uniform za shule. Cherehani ilikuwa sebuleni. Mumewe, Mzee Phares, alikuwa karani wa mizigo reli. Alistaafu, halafu akili ikaanza kumtoka polepole. Kila asubuhi anabeba mkoba anaenda kazini, na kazi haiko. Mara mbili alipatikana Mukuru kwa Njenga bila viatu. Perez akanunua kufuli, akaanza kumfungia ndani. Mzee anasimama mlangoni na mkoba wake, anagonga, anaomba kwa heshima: "Mama, nifungulie. Nitachelewa." Perez anashona huku analia. Hiyo kufuli ilikuwa inammaliza kuliko ugonjwa wenyewe.

Binti yao Lorraine, nesi huko Uingereza, akatuma kamera nne za mitumba, zilizotolewa ghala fulani lililofungwa. Zilikuwa na shingo, zinageuka. Zilikuja na TV ndogo, na kibao chenye namba nne na kijiti cha kuziongoza. Majirani wakasema Mama Lorraine anaogopa wezi. Wezi gani? Alitaka kushona mlango ukiwa wazi, amfuate mumewe kwa macho.

Kimeu alizifunga siku mbili. Ya kwanza mlangoni, ya pili kando ya nyumba, ya tatu getini, ya nne uani. Kila kamera ilikuwa na waya wake wa picha, lakini waya wa kuzipa amri ulikuwa mmoja, umepita kote, kwa hivyo kila kamera lazima ipewe anwani yake, ukibonyeza tatu itii ya tatu peke yake. Anwani inawekwa kwa swichi ndogo nyuma ya kamera, zimejipanga mstari. Karatasi ya maelezo ilikuwa imepotea njiani, na Kimeu hakuona shida. Kamera ya kwanza aliinua swichi ya kwanza. Ya pili, swichi ya pili. Ya tatu, ya tatu. Ya nne, ya nne. Hata wewe ungefanya hivyo.

Akajaribu moja, ikageuka. Mbili, ikageuka. Perez akafungua kufuli papo hapo.

"Mama Lorraine, bado sijamaliza."

"Umemaliza. Naona mlango wangu."

Mzee akatoka na mkoba. Kwa TV walimwona akishuka ngazi, akipita kando, akielekea geti. Perez akabonyeza tatu. Picha ya kamera ya getini ilikuja, lakini ilikuwa inaangalia mti wa jirani, na kijiti hakikuisogeza hata kidogo. Akabonyeza nne. Uani, kuku wawili, picha imeganda, na Perez anavuta kijiti kama mtu anayevuta ng'ombe. Kimeu akakimbia nje. Geti lilikuwa wazi, mzee hayuko, na juu ya geti kamera ya tatu inageuka taratibu kuangalia ukuta. Aliyeiamrisha alikuwa amebonyeza nne.

Walimtafuta nusu saa. Halafu Nthoki akatokea, analeta ndengu alizokuwa ameagizwa na Perez, na mzee kando yake amembebea mfuko.

"Huyu karani wenu nimempata barabarani akiuliza treni. Nikamwambia mzigo wangu haujapimwa."

"Mzigo wa huyu mama uko sawa," mzee akasema. "Apite."

Perez alimshika mkono, akamwingiza ndani, akafunga kufuli. Hakupiga kelele. "Kimeu, shukisha hizo vitu. Nitamwambia Lorraine tulijaribu."

"Ni mbovu, mama. Swichi za anwani nimeinua sawa, na bado ya getini inageuka ovyo. Mitumba ni mitumba."

"Mbovu aje na inageuka?" Nthoki akauliza.

"Nthoki, hii si maharagwe."

"Ya getini umeinua swichi gani?"

"Ya tatu. Si ni kamera ya tatu?"

"Na inasikia ukibonyeza ngapi?"

"Nne."

Viganja vya Nthoki vilikuwa vimefunguka, kimoja juu, kimoja chini, kama yuko kibandani. "Baba Mumo, jiwe langu la tatu ni gani?"

"Kilo."

"Kilo ni robo ngapi?"

"Nne."

"Wewe unafikiri hizo swichi ni namba za nyumba. Ni mawe. Wa getini ameagiza robo tatu, umempimia kilo; wa uani ameagiza kilo, umempimia mbili."

"Nani amekwambia?"

"Maharagwe."

Kimeu alipanda ngazi. Kamera ya geti, swichi ya kwanza na ya pili zote juu. Ya uani, ya tatu peke yake. Perez akabonyeza tatu, na ukuta ukaondoka kwa TV, geti likaingia. Akabonyeza nne, kuku wakasogea upande. Alirudia mara sita. Ufunguo ulikuwa mkononi na hakuutumia.

"Na ikikosea tena?"

"Nitasimama getini mimi," Nthoki akasema. "Wewe tazama."

Perez akafungua kufuli, mzee akatoka na mkoba. Moja, akashuka ngazi. Mbili, akapita kando, mkono ukigusa ukuta. Tatu, akamsalimia Nthoki kwa kutoa kofia, akasimama pale kitambo akiangalia barabara, na Nthoki hakumgusa. Halafu akageuka mwenyewe. Nne, yuko uani anawahesabu kuku. Kidole cha Perez kwa kibao hakikumpoteza hata hatua moja.

Kufuli alimpa Nthoki siku hiyo hiyo. Ndio hiyo alifungia sanduku la mizani yake mpaka alipoacha soko. Wenzake walisema kufuli ni kubwa kuliko sanduku.

Na mzee aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka mkoba juu ya meza ya kushona. "Leo mizigo ilikuwa mingi," akasema.

"Nimeona," Perez akamjibu. "Nimekuona kutoka asubuhi. Kaa, chai iko."