Nyuma ya Kengele ya Baba Mkwe

Daktari alinifunga kipimo cha presha mkononi, akakitazama, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akaniuliza mama yangu alikufa kwa nini. Nilimjibu kuwa kiharusi kilimwangusha kule kwetu Matwebe, akiwa bado ananyonyesha mdogo wangu wa mwisho. Akasema basi na mimi niko kwenye njia hiyohiyo. Nipunguze mafuta na chumvi, na nitembee kila asubuhi mpaka jasho linitoke.

Nilicheka kwa hasira. Kilikuwa kipindi cha ruksa, biashara zimefunguliwa. Miaka mingi tulikuwa tumepanga foleni kupata mafuta ya kupikia, sasa maduka ya Tukuyu yamejaa madumu mpaka mlangoni, ndipo mtu ananiambia niyaache? Tena mafuta ndiyo yaliyotulisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu ulikuwa ukiisha kabla haujafika nyumbani, kwa hiyo alfajiri nilikaanga maandazi ya kuuza wakati wa mapumziko. Yaliyopasuka niliyala mwenyewe, nimesimama, huku namvalisha mtoto mmoja soksi na kumkemea mwingine. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, nyumbani alikuja kama mgeni.

Hata hivyo nilijaribu. Tatizo ni kwamba kwetu mtu mzima hatembei bure. Mwanamke akionekana barabarani alfajiri bila jembe wala mzigo, watu wanajua kuna jambo. Kila niliyekutana naye aliniuliza msiba uko wapi. Jirani yangu mmoja wa pale mtaani kwetu, Msasani ya Tukuyu, aliniambia nimependeza kwa unene, sasa kwa nini nauharibu. Baadaye mtoto akashikwa na homa, mara mitihani, mara mvua, na mvua ya Tukuyu ukiisubiri ikatike utazeeka. Nikaacha. Nilikuwa na sababu nzuri kila siku, maana mwenye watoto hakosi sababu.

Ndipo mama mkwe akaja na mkungu wa ndizi na jambo la kuniomba. Alisema mzee naye ana presha, ameambiwa atembee kila asubuhi, na yeye anaogopa asije akaanguka njiani peke yake. Wanawe wote wako mbali. Nilibaki mimi.

Hapo nilishangaa kweli. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Ukimwona anakuja, unaingia migombani na kujifunika khanga mpaka apite. Hamsalimiani wala hamli pamoja. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kulegeza, lakini baba mkwe wangu hakuwa amelegeza hata kidogo, nami tangu niolewe sikuwa nimeuona uso wake sawasawa. Mama mkwe alikuwa na jibu tayari. Mzee atatangulia, na kwenye fimbo yake atafunga kengele ya ng'ombe. Mimi nifuate mlio kwa mbali. Ukinyamaza kwa muda mrefu, niite watu.

Moyoni nilinung'unika. Presha yangu ilikuwa hainitoshi, sasa napewa na ya mzee? Lakini mkwe hakataliwi. Kesho yake nilijitupia khanga kichwani nikaingia kwenye ukungu, nikiisikia ile kengele ikipanda kilima mbele yangu bila kumwona mtu.

Nilidhani tutakwenda mwendo wa kizee. Thubutu! Alipanda kama anayekwenda kudai deni. Kila baada ya kona kengele ilitulia kidogo, nadhani alikuwa akipumzika, kisha ikaendelea, nami nahema nyuma yake. Nilipochelewa, ililia palepale njia panda chini ya nyumba yetu, mvua inanyesha, haiondoki. Ningewezaje kumwacha mzee wa watu analowa kwa sababu ya maandazi? Nilizima jiko nikatoka.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe. Tumbo lililojaa maandazi halikuweza kuifuata kengele ile mlimani, kwa hiyo nilianza kuchemsha ndizi na maharage tangu jioni, na asubuhi tukala mezani mimi na wanangu, tumekaa. Na walioniuliza msiba uko wapi niliwajibu kuwa namsindikiza baba mkwe. Wakanipisha kwa heshima. Sketi zangu zikaanza kulegea kiunoni, na daktari safari hii alikifunga kipimo mara moja tu.

Asubuhi moja kengele haikulia. Nilisubiri, nikatoka, nikasimama njia panda nikisikiliza. Kimya. Nilishuka mbio mpaka kwa wakwe, nikapita nyuma, nikamkuta mama mkwe jikoni akichochea moto. Nilimuuliza kwa hofu kama presha ya mzee imepanda.

Alinitazama, akacheka.

"Presha gani, mwanangu? Yule hajawahi kuwa na presha. Ana magoti. Daktari alishamkataza vilima siku nyingi."

Akaniambia yote. Mume wangu alikuwa amemweleza baba yake niliyoambiwa hospitali, na kwamba nimeacha kutembea. Mzee alihuzunika. Kunisemesha hawezi. Akamwambia mkewe kuwa mimi nikiombwa nitembee kwa ajili yangu sitatoka, lakini nikiombwa kwa ajili ya mkwe nitatoka hata mvua ya mawe ikinyesha. Sasa magoti yamevimba, hawezi hata kusimama.

Niliona aibu, nikakasirika kidogo kwa kudanganywa, kisha nikampenda mzee yule kama nilivyompenda mama yangu. Dirisha la chumba chake lilikuwa karibu na jiko. Nililigeuzia mgongo, nikajifunika vizuri, nikamwambia mama mkwe kwa sauti ya kupenya ukuta:

"Mama, mwambie baba ndaga fijo. Asante sana. Mwambie..."

Nikalia. Ndani kitanda kililalamika. Kisha nikaisikia sauti yake, nzito, akizungumza na mkewe kama ilivyo desturi:

"Mwambie asisimame. Jasho litamkaukia."

Nikatoka, nikapanda kilima peke yangu.