Stendi ya Mama Hana

“Siku ile mjinga nilikuwa mimi,” anasema Isidori Osward, fundi baiskeli, akiwa amelala chali chini ya baiskeli ya watu. “Andika hivyo hivyo. Usinirembe.”

Ni saa mbili asubuhi, Jumanne ya Julai 1997, mjini Mpanda. Nje ya soko, chini ya kipande cha turubai, Isidori anakaza nati ya mwisho ya stendi. Spana yake ameizungushia tyubu kwenye mpini, maana asubuhi za msimu huu chuma kinauma vidole.

Pembeni, juu ya gunia lililokunjwa, amekaa mwenye kesi: Mama Hana, mke wa mzee Kashinje wa Kakese. Tangu kiharusi kimpate mwaka juzi, mguu wake wa kushoto unaburuta. Kila Jumanne mumewe humpakia kwenye keria akamleta hospitali kufanyishwa mazoezi. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na vumbi lake.

Kumwendesha si taabu. Taabu ni kumpandisha. Baiskeli yenyewe ni ya gia, ya zamani kidogo, matairi mapana, iliachwa na mhandisi mmoja wa barabara. Kifaa imara, ila kilikuja bila stendi.

“Mikono yote miwili imemshika mama. Ya kushika baiskeli nitoe wapi?” anauliza mzee Kashinje. “Kuna siku tulikaa njiani mpaka jua likawa la utosi, tunangoja mtu apite atushikie.”

Ndipo wiki tatu zilizopita walipofika kwa Isidori.

Fundi huyu ni mzaliwa wa Litapunga, ana miaka arobaini na mitatu na watoto watano. Alikimbia tumbaku ya baba yake akiwa kijana, kwa maelezo yake kwamba moshi wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ulikuwa unamtafuta yeye tu. Akaanza kwa kuziba pancha. Siku njema anarudi nyumbani na shilingi elfu mbili. Siku mbaya anarudi na grisi.

Kwa miaka kumi na tisa amefunga stendi za kila aina, na zote amezijaribu kwa njia moja: anapakia gunia la mpunga, anawasha sigara, na sigara ikiisha gunia halijaanguka, mteja anaruhusiwa kuondoka. Baiskeli za huku ni punda wa mpunga.

Ya Kashinje ilimsumbua. Stendi ya miguu miwili, ile ya baiskeli za kawaida, hufungwa kwenye ekseli ya nyuma. Na ekseli ya hii ya gia ni fupi, ukiongeza stendi nati zinakosa meno ya kushika. Basi akafunga ya mguu mmoja, ubavuni kushoto. Gunia likapanda. Sigara ikaisha. Wakaagana kwa kucheka.

“Sasa gunia halina upande,” anasema Isidori. “Mama ana upande.”

Akina mama wa huku hukaa kwenye keria kiubavu, miguu yote kushoto. Na mguu wa stendi nao ulikuwa kushoto. Huko njiani kurudi Kakese, Mama Hana alipokalia tu, uzito wote ukaangukia chuma kile kimoja, kikakunjika. Baiskeli ikaenda chini, naye akaenda nayo. Alichubuka kiwiko. Mzee Kashinje alichubuka pasipoonekana.

Kwa nini hakumjaribisha mama mwenyewe tangu mwanzo?

Isidori anajifuta mikono kwanza. “Niliona haya. Nimwambie mke wa mtu apande, halafu nichuchumae kumwangalia? Nikasema gunia linatosha.”

Mazoezi yakasimama. Mhudumu wa hospitali alikuwa ameshawaonya kwamba wakiacha, mguu utakaza na hautafunguka tena. Habari zilipomfikia Isidori, alikwenda Kakese mwenyewe kuomba radhi. Alipewa maziwa ya mgando, kisha akapewa maneno yake.

“Nilimuuliza, mwanangu, ulipima mpunga,” anakumbuka Mama Hana. “Mimi ni mpunga?”

Isidori alirudi mjini na baiskeli, akakaa nayo siku tatu. Alichukua stendi ya miguu miwili ya baiskeli iliyokufa, akaipunguza urefu wa vidole viwili kwa kuwa magurudumu ya hii ni madogo, akaipanua ipishe tairi pana. Akaibana kwenye mabomba ya fremu kwa vyuma vya chasisi ya lori, na ndani akaweka vipande vya tyubu visiteleze. Waya wa gia akaupitisha kando usibanwe.

Leo ndiyo siku ya kujaribu, na wenyewe wamefika kwa lifti ya lori. Mzee Kashinje ameshatoa sharti lake: “Ikimwangusha tena, simleti. Tutakaa nyumbani, tutakachopata ndicho.”

Isidori anaivuta baiskeli nyuma, inapanda juu ya stendi, gurudumu la nyuma linaelea. Kashinje anambeba mkewe. Fundi anageuka kutazama soko, kana kwamba leo ndiyo kaona dagaa.

“Fundi, geuka uangalie kazi yako,” anasema Mama Hana. “Sikuja kuchumbiwa.”

Anageuka. Mama anakaa kiubavu, miguu kushoto. Chuma kinalia kidogo, kisha kinanyamaza. Mama Hana anajisogeza nyuma, anaupembeza ule mguu mzima, anatabasamu.

Isidori anasema ana vyuma vingine vya lori nyumbani, na mwaka huu anataka kutengeneza stendi kumi za namna hii, kwa ajili ya wagonjwa na wajawazito wanaoletwa mjini. Ataweka na benchi, ili anayepakiwa ajaribu mwenyewe. “Magunia yamefaidi vya kutosha,” anasema.

Ila mzee Kashinje bado ameng'ang'ania usukani.

“Achia, mzee. Imeshika.”

“Hata ile ulisema imeshika.”

“Ile ilikuwa mguu mmoja. Hii ni miwili.”

“Na mimi mikono yangu ni miwili. Siachii. Mke ni wangu, si wako.”

Wapita njia wawili wamesimama, mmoja upande wa fundi, mwingine upande wa mzee. Mama Hana anawasikiliza wote, ametulia juu ya keria.

“Baba Hana,” anamwambia mumewe, “wewe umeshaniangusha mara mbili kwenye kijito, na sijarudi kwetu. Achia hiyo baiskeli.”