Jinsi Baba Alivyopima Altaneta

Juzi taa nyekundu ya betri iliwaka garini mwangu, nikalipeleka kwa fundi Bungoma mjini. Injini ikinguruma, nikafungua boneti na kunyoosha mkono nichomoe waya wa betri, maana ndivyo nilivyomwona baba akifanya miaka yote. Fundi akanidaka mkono.

"Madam, wachana na hiyo! Ukitoa kama gari inanguruma, unachoma altaneta. Si niko na mita ya kupima, bana?"

Nilitafuta pa kuketi, rafiki yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikaa Ndalu, katika nyumba ya mabati iliyozungukwa na mahindi. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, na kijiji kizima kiliihesabu kuwa yake: ilibeba magunia, ilibeba maharusi, ilibeba majeneza. Asubuhi ilikuwa lazima isukumwe. Mama alitupakulia githeri iliyolala, mahindi na maharage ya jana, tukala upesi, kisha sisi na watoto wa jirani tukaisukuma hadi ikohoe, tukashangilia huku moshi umetujaa puani. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Iliyosumbua ni altaneta, kile kifaa kinachochaji betri gari likitembea. Fundi wa Kitale aliitengeneza, ikachaji siku chache, ikakataa. Akaweka nyingine, nayo ikakataa. Kila ilipotoka kwa fundi, baba aliipima kwa njia aliyofunzwa na wenzake wa kusafirisha mahindi: unachomoa waya wa betri injini ikinguruma. Gari likizima, altaneta imekufa. Likiendelea, ni nzima. Alipima hata bila sababu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema. Nyanya alishikilia kwamba gari lina mkosi kwa kubeba maiti wengi, nasi tukamcheka.

Msimu mmoja wa masika mama alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika alasiri. Pikapu ilikuwa imetoka kwa fundi siku hiyo hiyo. Baba hakutaka kubahatisha na mke wake. Alifungua boneti, akachomoa waya, akasikiliza, akaurudisha. Injini haikuzima.

"Mnaona? Iko sawa. Twendeni."

Mvua ilitukuta njiani, baba, mama, nyanya na mimi. Taa zilififia, waipa za kioo zikaenda polepole, kisha pikapu ikazima katikati ya mashamba, hospitali ya Kitale ikiwa bado mbali. Tuliisukuma kwenye tope, mimi na baba, isiwake. Hakuna gari lililopita. Ndugu yangu alizaliwa pale kitini, mikononi mwa nyanya. Nyanya alimgeuza, akamsugua mgongo, akamgeuza tena. Hakulia.

Baba hakuendesha gari tena. Pikapu ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nyanya akatutoka, wale watoto wa kusukuma wakatawanyika. Baba alimlaani fundi wa Kitale hadi siku ya kufa kwake, na sisi sote tukamlaani pamoja naye.

Jioni ile, gari langu lilipokwisha kutengenezwa, nilimpigia mama simu. Akauliza lilikuwa na nini. Nikasema betri imezeeka.

"Chunga hao mafundi, ni waongo," akasema. "Baba yako alikuwa anapima mwenyewe."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Alikuwa mwangalifu."