Bado Kidogo na Printa ya Nukta Nundu

Mume wangu walimwita Bado Kidogo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpelekea pasi aitengeneze, ukarudi wiki ya pili, anakutazama kwa upole kana kwamba wewe ndiye uliyewahi. "Bado kidogo, mama." Mimi hasira zangu ziko puani. Zake sijui alizificha wapi, maana nimezitafuta miaka yote ya ndoa sijaziona. Tumezeeka hivyo hivyo, na sijamuua.

Alikuwa fundi wa taipureta kwenye ofisi iliyoandaa vitabu vya shule kwa watoto wasioona. Kompyuta zilipoingia, zile za kioo cheusi na maandishi meupe, mafundi wenzake walizikimbia wakasema hizo zina mambo. Yeye alivuta kiti akakaa mbele ya moja, na nadhani hakuinuka tena.

Chumba cha pili alifanya kazi dada yake mkubwa. Huyo ndiye wifi yangu, na nyie vijana msinichekee, enzi hizo wifi alikuwa mtu. Haoni tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu kwa nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Aliyaandika kwa mkono: anabana karatasi nzito kwenye fremu ya chuma, anashika sindano butu yenye kishikio cha mbao, anabonyeza nukta mojamoja. Tak, tak, tak, kutwa nzima. Kitabu cha sayansi kimoja kilimla miezi.

Halafu mkono ukaanza kumgeuka. Mara kikombe kimemponyoka, mara usiku anaamka unawaka moto. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na akiendelea kubonyeza ile sindano, ncha za vidole zitakufa ganzi moja kwa moja. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuhangaika na vifungo vya shati. Kwa wifi, vidole ndiyo macho. Vikifa, hasomi tena maisha.

"Basi pumzika," nikamwambia.

"Nikipumzika mimi, watoto wasome nini? Ukuta?"

Haambiliki, hasemezeki. Ukoo mzima wako hivyo, sema huyu ana mdomo.

Ndipo mkuu wa ofisi akapata mahali printa ya nukta nundu iliyokwisha kutumika. Ilikuja kwenye sanduku la mbao, nzito kama kabati, ndani ina vinyundo vinavyoisukuma karatasi kutoka chini. Tulishangilia. Mume wangu akachomeka waya, akaagiza kompyuta ichape. Printa kimya. Akaagiza tena, ikapiga nundu za ovyo hata mahali pasipo na neno, ikanyamaza.

Nilimuuliza imekufa? Akasema haijafa, hawajajuana. Akanieleza, na nikaelewa, mimi niliyeishia kushona mapazia. Kompyuta za wakati ule hazikujua kifaa chochote mpaka kiwe na draiva, programu ndogo inayokaa katikati kama mkalimani. Kompyuta inasema lake, draiva inaligeuza, kifaa kinaelewa. Draiva ilikuja kwenye disketi pamoja na kifaa. Printa yetu ilikuja na sanduku na vumbi, disketi hakuna.

"Sasa?"

"Nitaiandika mwenyewe."

"Itachukua muda gani?"

Mnajua alichojibu.

Kila siku kazi za ofisi zikiisha mchana, anakaa na ile printa. Anaitumia alama moja, anasikiliza kinyundo kipi kimegonga, anatuma nyingine. Nilikuwa nampelekea chakula, nakikuta cha jana. Draiva ikakua mpaka ikakosa pa kukaa, maana kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa finyu kama chumba cha kupanga: akiingia mmoja, mwingine atoke. Akaitoa draiva ya kipanya. Asubuhi karani wa ofisi, dada mmoja wa maneno mengi, akakisukuma kipanya mezani huku na huku, kishale kwenye kioo hakijongei.

"Nani kaniulia kipanya changu?"

"Hakijafa, kimehamishwa," mume wangu akamjibu. "Tumia vitufe, mama."

Karani alinuna mwezi mzima.

Nikamwambia, muite dada yako akusaidie, nukta ni zake. Akakataa. Alitaka kumshtukiza. Na nukta, akasema, anazijua tangu mtoto. Nikaguna tu. Sikuwahi kumsikia akisema anajua nukta, lakini ni mtu gani anayejua yote aliyo nayo mumewe?

Jumamosi moja wifi alikuja kwangu, akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Wifi, hebu niangalie. Hii blauzi nimeivaa ndani nje?"

Alikuwa ameivaa sawasawa. Lakini mwanamke huyu alikuwa akishika kitambaa sokoni anakwambia pamba ni kiasi gani. Hakuwahi kuniuliza kitu kama hicho. Nikamkaribisha, nikacheka cheka, na alipoondoka nikampa mume wangu vidonge vyake.

"Bado kidogo yako itamkuta dada yako hana vidole! Unanisikia?"

Aliweka kijiko chini, akavaa viatu, akarudi ofisini.

Katikati ya wiki iliyofuata alinipigia kwa simu ya karani. "Njoo," akasema. "Na umpitie dada kule chumba cha pili." Nilienda na utepe wa kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Nikamshika wifi mkono, tukaingia, printa ikaanza kugonga, safi, mstari kwa mstari, kwa mpangilio. Karani mwenyewe alisahau kununa akapiga vigelegele. Mume wangu akaichana karatasi, akamwekea dada yake mapajani.

"Soma."

Wifi akapitisha kidole cha shahada. Akarudi mwanzo. Akapitisha tena, polepole. Tabasamu likamfutika usoni.

"Sipati kitu," akasema.

Akajaribu mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa. "Nukta nazigusa. Herufi sizipati."

Nikamtazama mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu anioe nikaona hofu usoni pake, hofu kabisa. Tulikuwa tunawaza kitu kimoja: tumechelewa. Nikaanza kulia, na sikujificha.

"Acha kelele, wifi," dada mtu akaniambia. "Nileteeni kitabu changu. Chochote."

Karani akakimbia akaleta kitabu ambacho wifi alikiandika zamani kwa mkono. Wifi akakifungua katikati, akaweka kile kile kidole, na akasoma. Alisoma kuhusu mizizi ya mmea inavyonyonya maji, bila kukwama, mpaka mwisho wa ukurasa. Halafu akairudia ile karatasi ya printa, akagusa mstari wa kwanza, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlangoni. Akacheka mpaka kitabu kikaanguka.

"Vidole vyangu vizima! Wewe ndiye umeniandikia nyuma mbele! Kila nukta ya kushoto iko kulia."

Mume wangu akakaa sakafuni, pale pale kwenye waya. "Kweli? Nimekosea?"

"Umekosea vibaya sana."

"Alhamdulillahi," akasema. Sijapata kuona mtu akiharibu kazi ya miezi akashukuru vile.

Wifi akaacha kucheka. "Subiri. Nukta ulijifunza kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi sijakufundisha hata siku moja."

"Hukunifundisha. Ulipokuwa unafanya kazi zako za shule pale mezani, nilikuwa nakaa karibu nakuangalia mkono, na wewe unaitamka kila herufi. Kila siku. Nilitaka nijue unaandika nini."

Na hapo wote tukaelewa, hata karani. Kwa sindano mtu anaandika upande wa nyuma wa karatasi, kutoka kulia, na kila herufi ameigeuza, ili karatasi ikigeuzwa nundu zikae sawa kwa msomaji. Yeye alizijua nukta kwa upande wa mwandishi. Upande wa msomaji hakuwahi kuugusa. Ndivyo alivyozitia kwenye draiva, kama alivyoziona kwenye mkono wa dada yake akiwa mtoto.

Wifi alinyoosha mkono akamtafuta kichwa, akakipata, akakishika. "Nami nilidhani pale mezani niko peke yangu," akasema.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Alihamisha nukta za kushoto kulia na za kulia kushoto, akazima mashine, akaiwasha. Printa ikagonga. Safari hii hakumwambia soma. Alimpa karatasi akarudi nyuma, mikono kaificha mfukoni.

Kidole kikapita mara moja tu.

"Dada," wifi akasoma kwa sauti, "pumzisha mkono."

Lilikuwa ndilo neno lenyewe tangu ile karatasi ya kwanza. Wifi akaikunja karatasi, akaiweka kifuani ndani ya blauzi. Kisha akatoa ile sindano kwenye mfuko wa sketi, ya kishikio kilicholika kwa kidole gumba chake, akapapasa shati la mdogo wake mpaka akapata mfuko, akaitumbukiza.

"Haya," akasema. "Nimepumzika."