Nondo wa Mahindi Hana Kwao

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nondo mdogo alivyotaka kunivunjia ndoa. Usicheke!

Nilikuwa kijana wa Masasi, nimeoa Newala na kuhamia ukweni, kama desturi ilivyokuwa. Mama alinifungashia mahindi ya mbegu, nikayatundika juu ya meko ya mama mkwe, kando ya mahindi yake. Baada ya muda nondo wakazagaa jikoni, na punje zikawa na matundu, ndani unga mtupu.

Mama mkwe hakusema nami uso kwa uso, kwa heshima ya ukwe, lakini alihakikisha nasikia. "Mwambie mumeo ametuletea wadudu wa Masasi. Tutapanda nini sasa?" Mke wangu alilia. Mimi nikafunga furushi langu. Niliumia, maana nilimpenda sana marehemu bibi yenu, na hata leo nampenda.

Akaitwa mjomba wa mke wangu, mwenye kauli katika ukoo, aamue kama niondoke. Hakuwa na haraka mzee yule. Alikwenda kwanza nyumbani kwake, ambako mahindi yangu hayakuwahi kufika, akarudi na fungu la mahindi yake. Akalikung'uta mbele yetu. Lo! Nondo wale wale: wadogo kama punje ya mpunga, rangi ya majani makavu, mabawa yana vinyweleo pembeni.

"Huyu nimemjua tangu utoto," akasema. "Masasi yupo, Tandahimba yupo, ng'ambo ya Ruvuma nimemkuta. Penye nafaka ndipo kwao. Dada, tangu uanze kupikia nje, humu jikoni moshi wa kufukuza wadudu unatoka wapi?"

Mama mkwe aliinuka. Kisha akalibeba furushi langu, akalirudisha ndani mwenyewe. Jioni ile moto uliwashwa tena jikoni, na moshi ukatutoa machozi sote. Natamani niunuse tena moshi ule.

Sasa, juzi nimekusikia ukisema kuku wenu wanakufa tangu kaka yako alete mke kutoka Nanganga. Aka, mwanangu! Nyani haoni kundule. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nawe unataka mgeni aumwe kwa niaba yako? Kaangalie banda lako kwanza, ndipo umtazame mke wa kaka yako.

Mungu akujalie moshi usikatike jikoni kwako, na asiwepo mtu wa kufunga furushi lake kwa sababu ya ulimi wako.