Herufi Ndogo za Baba

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Katika mkutano wa kwaya yetu hapa Kakamega, Mwalimu Elphas, kijana anayetufundisha tangu mwaka juzi, alisimama akasema wimbo wetu mkubwa wa Pasaka tunauimba vibaya, na kosa ni la mzee aliyeunakili. Mzee huyo ni marehemu baba yangu. Nikasimama na mimi. Nikasema mbele ya watu thelathini kwamba ikithibitika baba alikosea, mimi, mwimbaji wa sauti ya pili kwa miaka arobaini, nitavua joho nikakae na waumini wengine. Katibu akayaandika hayo kwenye kumbukumbu, neno kwa neno. Mdomo huponza kichwa.

Wimbo wenyewe ni wa mtunzi mmoja Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria, mpiga kinanda wa kanisa mwenye ndevu za kujaa kifua. Jina lake silitaji, maana kwetu kila mtu hulitamka anavyojua, na sitaki kuanzisha ugomvi wa pili. Baba aliunakili daftarini kwa penseli kutoka kitabu cha mmisionari, kwa solfa, yaani zile herufi za do, re, mi ambazo sisi watu wa kwaya tunazisoma kuliko magazeti. Elphas alikuwa ameusikiliza kwenye simu, akagundua kwamba waimbaji wa Uingereza ubeti wa mwisho huupandisha, nasi tunabaki chini pale pale. Akatamka kwamba daftari la Baba lifungiwe kabatini.

Mpwa wangu Barasa anafundisha chuo kikuu Durban. Nilipompigia kumlilia, alicheka kwanza, ndipo akaniambia kwamba huko kuna watu wanaokutana mara mbili kwa mwaka, Ijumaa hadi Jumapili, kuimba nyimbo za mtunzi huyo tu.

"Senje, kuja na daftari," akasema. Senje ni shangazi kwa lugha yetu. "Hawa watu wako na vitabu vyake vyote. Utawafunga watu wa Kakamega midomo."

Alhamisi asubuhi niliruka kutoka Nairobi. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, limefungwa kwa kitambaa cha mezani, na mkoba nilikuwa nimeupakata. Dada wa ndege alitaka kuuweka juu, tukabishana kwa adabu, akaniachia. Johannesburg nilibadilisha ndege na kunywa chai isiyo na maziwa ya kutosha. Nilifika Durban alasiri.

Nje ya uwanja wa ndege joto lilinipokea kabla ya Barasa. Barabara ya kuingia mjini ina miwa pande zote, nikamwambia nimesafiri siku nzima kurudi Mumias, kwenye miwa ya kwetu. Njiani alisema tutakata kushoto kwenye robot. Nilitazama huku na huku nikitafuta roboti, kumbe ndivyo wanavyoziita taa za barabarani. Alinicheka hadi nyumbani, na mimi nikamkumbusha nani alimwosha akiwa mdogo.

Ijumaa jioni alinipeleka Pinetown, mji wa viwanda juu ya Durban, kwenye ukumbi wa kanisa moja la matofali mekundu. Nilitarajia wazee wa Kizungu watupu. Walikuwepo, tena wengine na fimbo zao, lakini nusu ya ukumbi ilikuwa Wazulu wa kwaya za makanisa na shule, na kulikuwa na mama wa Kihindi kutoka Chatsworth aliyekuja na masinia mawili ya sambusa. Mkono wa kushoto waliketi wasomaji wa noti za mistari, mkono wa kulia watu wa solfa. Nilipoona ule upande wa kulia, moyo ulitulia.

"Mama, kuya ukae hapa pembeni yangu," sauti ikaniita kwa Kiswahili. "Huku kwa alto iko nafasi."

Alikuwa Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, mwenye alto, yaani sauti ya pili, kama mimi, na alikuwa amenisikia nikiongea na Barasa. Anasuka nywele katika saluni hapo hapo Pinetown. Solfa aliifundishwa na baba yake mchungaji. Aliniuliza nimetoka wapi, nimekula nini, na kwa nini nimekumbatia mkoba kama mtu aliyebeba mtoto. Nikamweleza yote. Akasema, "Aa, basi kesho tutajua."

Jumamosi saa tatu tulianza mazoezi. Kiongozi wetu alikuwa Baba Mkhize, mwalimu mstaafu kama mimi, mrefu, mpole, mwenye masikio ambayo hayakosi kitu. Asubuhi tuliimba vipande nisivyovijua, nikavisoma nao bila shida, na nakiri nilifurahi kupita kiasi. Kwetu ninaimba na watu wanaoangalia saa kwa sababu ya ng'ombe. Hapa mtu wa miaka themanini aliomba turudie mstari mmoja kwa sababu tu ni mtamu, na sote tukakubali.

Baada ya chakula cha mchana ukafika wimbo wetu. Niligawiwa nakala ya chapa lakini sikuifungua. Nilifungua daftari la Baba, nikakohoa, nikaimba kwa kifua chote. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili sawa, herufi kwa herufi, nikawa namtazama Elphas moyoni na kumwambia unaona. Tulipoingia ubeti wa mwisho ukumbi mzima ulipanda, nami nikabaki chini peke yangu, kwa sauti ile ile ya ushindi.

Baba Mkhize aliinua mkono. Ukumbi ukanyamaza.

"Eish, mama," alisema kwa upole, kwa Kiingereza. "Umetuacha wapi?"

Nilifungua nakala ya chapa. Mwanzoni mwa ule ubeti palikuwa na do kubwa, na kando yake juu, re ndogo. Watu wa solfa mnajua maana yake. Ile ndogo ni jina la noti kabla ya kupanda, kubwa ni jina lake jipya. Unaishika iliyokuwa re, unaiita do, na wimbo mzima unapanda hatua moja. Katika daftari la Baba palikuwa na do kubwa peke yake, kwa sauti zote nne. Elphas alikuwa amesema kweli.

Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama karibu na mabomba ya maji. Nililia, sitaficha. Sikulilia joho. Nilimlilia mwalimu wangu wa kwanza, mtu aliyenichapa vidole kwa kusoma fa mahali pa mi, na sasa kijana wa juzi amemshinda kwa simu ya mkononi.

Mama Neema alinifuata na kikombe. "Kunywa chai kwanza, mama. Solfa haikimbie."

"Alikosea, Mama Neema. Nimeimba kosa miaka arobaini."

"Ulete hilo daftari kwa Baba Mkhize alione vizuri. Ule mzee iko na macho."

Saa ya chai tulimkuta Baba Mkhize karibu na dirisha, sambusa mkononi. Aliiweka chini, akafuta vidole kimoja kimoja, akalichukua daftari na kuliinamisha kwenye mwanga. Kisha akanishika mkono na kupitisha kidole changu juu ya karatasi, kando ya ile do. Niligusa mkwaruzo. Palikuwa na re ndogo iliyoandikwa kwa nguvu kisha ikafutwa kwa raba. Mstari wa chini yake vilevile, na wa tatu, na wa nne.

"Hakukosea," akasema. "Aliandika, halafu akafuta. Mimi pia ninafuta. Unaandika wimbo kwa watu ulio nao. Muulize aliyekuwa kwenye kwaya yake wakati huo."

Aliye hai wa kwaya ile ni mmoja tu, na ndiye aliyenizaa. Nilimpigia simu pale pale. Mama ana miaka themanini na minne na husikia anachotaka, kwa hiyo nilirudia swali mara mbili.

"Ni mimi," akasema. "Ilikuwa Pasaka, na mimba yako ilikuwa miezi minane. Soprano tulikuwa wanne lakini noti ya juu nilikuwa naishika mimi. Pumzi ikawa haifiki. Baba yako akasema tubaki chini kwa muda tu, hadi mtoto azaliwe. Usiku akachukua raba."

"Na nilipozaliwa?"

"Ulipozaliwa ulikuwa unalia sana. Nani angekumbuka herufi?"

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikicheka na machozi yakinitoka. Mama Neema akataka kujua, nikamwambia, akawaambia Wazulu, Wazulu wakawaambia wazee wa fimbo. Hadi chai inakwisha ukumbi mzima ulikuwa unajua kwamba aliyeushusha wimbo ni mimi.

Jumapili alasiri tuliuimba mbele ya watu, milango wazi, upepo wa bahari ukifika kwa mbali. Ubeti wa mwisho nilishika ile re, nikaiita do, nikapanda na wenzangu. Ni kweli ni mtamu zaidi. Inabidi kusema hivyo, hata kama Elphas atasoma haya. Mama Neema alinipiga kiwiko tulipofika juu, na jioni alinifungia mafuta ya nywele nimpelekee Mama.

Jumatatu nilipanda ndege, na Jumanne jioni nilikuwa kwenye mkutano wa kwaya. Nilikuwa nimetoka nyumbani kumtetea Baba asionekane amekosea, kana kwamba hakuna jambo jingine ambalo mtu angeweza kufanya na penseli. Sikuhutubia. Nilimpa Elphas daftari na kumsogeza dirishani, nikapitisha kidole chake pale pale, na mbele ya wote nikataja tu ile Pasaka ya mimba ya Mama. Ni mwanamuziki, alielewa bila kuambiwa mara mbili. Alinitazama akasema, "Mwalimu, nisamehe." Nikamwambia kuhusu wimbo alikuwa sawa, na joho langu silivui. Katibu akayaandika na hayo.

Kisha Elphas akauliza turudishe herufi au tuziache. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele kwa sababu nilikuwa nimekwenda kumchukua. Tulimpa penseli. Aliinama, akaandika re ndogo juu ya mkwaruzo wa kwanza, na wa pili, hadi zikatimia nne. Akavua miwani, akanitazama mimi, binti yake wa miaka sitini na mmoja, kisha akaigeukia kwaya.

"Haya," akasema. "Mtoto amezaliwa. Pandeni."