Lineti ya Nyekundu na Bleu mu Salon ya Bakwe

Bandugu, hapana cheka kwanza, juu hata leo nikipita Butembo karibu na ile nyumba, uso yangu inawaka moto yenyewe. Nilitoka Beni asubui kwenda kujionyesha kwa bazazi ya Kavira, muchumba yangu, baone kama niko mutu wa kuachiliwa binti yao (nilivaa hata koti ya kuazima, mikono yake ilipita yangu kwa mbali), na kisha kula, kaka yake Kambale, mwalimu wa fizike, akafunga rido ya madirisha, akawasha televizio, akaweka filme ya samaki, akatugawia lineti za karatasi, jicho ya kushoto plastiki nyekundu, ya kuume bleu.

"Shemeji, vaa, utaona samaki zinatoka inje."

Nilizania ni muchezo. Mais kweli, samaki moja ikatoka, ikasimama mu hewa mbele ya pua yangu! Nikatoa lineti: picha zilikuwa mbili, moja nyekundu, moja bleu, zimepandana vibaya kama kazi ya mulevi. Nikavaa: samaki ikarudi. Sasa ni jicho gani inafanya hii kazi? Badala ya kumuuliza Kambale, nikaamua kujaribu mwenyewe. Nikafunga ya kushoto, samaki ikalala bapa ku televizio. Nikafungua, nikafunga ya kuume, ikalala tena, lakini imesogea kidogo. Donc kila jicho inapata picha yake, na kichwa ndiyo inaziunganisha! Nikaendelea, kushoto, kuume, kushoto (na furaha ilinijaa, nilikuwa hata natabasamu), bila kujua kama mama-mukwe, mwenye alikataa lineti na kukaa pembeni ya televizio, hakuwa anaangalia samaki hata kidogo. Alikuwa ananiangalia mimi. Na alichoona ni mukwe anamukonyeza.

Akasimama na kasirani atoke, akapita mbele yangu, na pale pale samaki kubwa ikanijia, nikanyoosha mukono niiguse, nikakamata kitambala ya kichwa yake. Ikabaki mu mukono yangu.

Kambale akafungua rido.

"Kijana," baba-mukwe akasema pole pole, "ulikuja kutafuta binti ao mama yake?"

Kavira akaficha uso. Nikapiga magoti, nikarudisha kitambala kwa mikono mbili, nikaeleza mambo ya jicho moja na jicho ingine, jasho inatiririka, mpaka hata mimi nikajisikia kama muongo. Muzee akaomba lineti. Akafunga jicho moja. Akafunga ingine.

"Kumbe!" Akarudilia, akarudilia tena, mpaka bibi yake akapiga kelele:

"Na wewe pia unanikonyeza mbele ya bageni?"

Hapo Kavira akashindwa, akacheka mpaka machozi. Mama akafunga kitambala yake, mafundo mbili, ngumu, akaniangalia.

"Utamuoa. Mais siku ya ndoa, ukija kunisalimia, fumba macho yote mbili."

Nilimuoa kweli. Na ninaapa, kitu ikinishangaza tena mbele ya bakwe, nitauliza kwa mudomo.